Mdogo Wetu Anasoma Sanaa za Maonyesho

Leo tuna mazungumzo marefu kidogo, kwa hiyo anayetaka chai aiteleke kwanza.

Dukani kwetu haipiti wiki bila ya mtu kutuuliza habari za mdogo wetu aliye Dar es Salaam. Muulizaji huwa kasimama mbele ya kioo, mikono kainua tunampima kifua. Tukimjibu kwamba anasoma sanaa za maonyesho chuo kikuu, mikono hushuka yenyewe. "Kuigiza?" Tunasema ndiyo, na mengine. "Mengine yapi tena?" Basi tumeamua tuyaandike hayo mengine hapa, kwani katikati ya nguo za Sikukuu hatuna nafasi ya kuyaeleza, na pia kwa sababu mwezi huu yametufika mlangoni, kama mtakavyoona.

Kwanza la lugha. Kiswahili chetu wenyewe kimewaonea watu wa jukwaa. Fundi akila pesa za mteja asishone, tunasema kafanya usanii. Mtoto akilia bila ya machozi, tunamwambia aache maigizo. Sasa msichana aliyelelewa vizuri akisema anakwenda kusomea sanaa na maigizo, unafikiri jirani atasikia nini? Bibi yetu yeye alistaghfiri mara tatu, maana kwake chuo ni pale penye msahafu na juzuu, na hakufahamu mwalimu gani atakubali watoto waigize humo. Tulipomfafanulia kwamba ni chuo kikuu, alitwambia, "Basi na mchezo wenyewe mkubwa."

Sisi tuliishia Kidato cha Nne, tukasoma kozi ya ushonaji, na sasa tuna duka lenye vyerehani vinne na mashine ya ovaloki. Chuo kikuu tumekijua kwa kumpelekea mdogo wetu maboksi yake. Lakini kwa miaka hii mitatu tumeshona, tumebeba na tumekaa viti vya nyuma gizani, na tunayoyasema ni yale tuliyoyaona.

Majina ya waliochaguliwa yalipotoka, jina lake lilikuwemo, na fani ilikuwa ile aliyoijaza ya kwanza. Baba yetu ameshatangulia mbele ya haki, Mwenyezi Mungu amrehemu, kwa hiyo mwenye sauti nyumbani ni ami yetu. Alikuja baada ya Isha, akakaa, akasema hakumsimamia mtoto miaka yote hii mpaka Kidato cha Sita ili aende kuwachekesha watu. Mama aliuliza moja tu: "Ataswali saa ngapi?" Mdogo wetu hakulia wala hakubishana. Alimwambia ami kwamba anataka kujifunza namna mchezo unavyotengenezwa, kama vile sisi tulivyojifunza namna nguo inavyokatwa. Mwisho ami akatoa ruhusa kwa sharti: asome ya nyuma ya pazia tu, nguo na taa na mbao, asipande jukwaani.

Sharti hilo halikumaliza hata muhula mmoja. Fani yenyewe haigawanyiki hivyo. Anayeanza hufundishwa kuigiza, kutunga, kuongoza, historia ya maonyesho na kazi za jukwaa kwa pamoja, na katika kuigiza unapimwa kwa kuigiza, mbele ya mwalimu na wenzako. Mdogo wetu alimpigia ami mwenyewe akamweleza. Ami alikaa wiki mbili bila ya kupita dukani.

Hapa tunataka tuseme kitu ambacho watu wengi hawakijui. Idara ile si ya jana wala si ya mchezo. Ilianza mwaka 1967, wakati Dar es Salaam bado ni sehemu ya Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki. Ebrahim Hussein, mtu wa pwani kama sisi, alisoma hapo, na mwaka 1969 ukatoka mchezo wake wa Kinjeketile kuhusu vita vya Maji Maji. Wenzetu mliosoma Kiswahili sekondari na mkakaririshwa Ngoswe, mtunzi wake Edwin Semzaba alikuwa mwalimu hapo hapo. Na wanawake wapo tokea zamani: Penina Muhando na Amandina Lihamba walifundisha hapo, wakatunga, wakaongoza, na mwaka 1996 wakaanzisha Tuseme, mpango wa kuwafanya wasichana wa sekondari wayataje wenyewe yanayowakwamisha masomo, wayatungie mchezo, kisha wauigize mbele ya walimu na wazazi. Yale ambayo msichana hawezi kumwambia mwalimu wake uso kwa uso, ameweza kuyasema kwa mdomo wa mtu wa kwenye mchezo. Tulipomsomea mama habari hii alisema, "Ah, kumbe kuna kusema na kusema."

Masomo ya kuigiza yenyewe si kama tulivyodhani. Hawaanzi na maneno, wanaanza na pumzi. Wanalala chali sakafuni, mkono juu ya tumbo, wanajifunza sauti itoke chini isikwaruze koo, ili mtu wa kiti cha mwisho asikie bila ya wewe kupiga kelele. Mdogo wetu hakupata tabu sana katika matamshi. Aliyefundishwa tajwidi tokea utotoni, akafinywa sikio kila alipokosea mahali pa kutokea herufi, ulimi wake unajua kazi. Yeye mwenyewe huliangalia sana neno hili asije akalisema vibaya, kwani Qur-ani haisomwi kwa ajili ya kujifunza maigizo. Lakini ulimi ni ule ule mmoja.

Kisha kuna mwili. Mtu mzee anainukaje kwenye kiti? Aliyefiwa anashikaje bilauri? Likizo ya kwanza mdogo wetu alikaa dukani akiwatazama wateja mpaka tukamwambia aache, watu watadhani tunawapeleleza. Alituonyesha kitu ambacho sisi kwa miaka yote ya kupima hatukukiona: mwanamke anayenunua nguo ya harusi ya mwanawe hupimwa huku anaangalia pembeni, anahesabu pesa kichwani.

Mwaka wa pili walifanya Nguzo Mama, mchezo wa Penina Muhando wa mwaka 1982. Wanawake wa kijiji cha Patata wanataka kuisimamisha nguzo, na kila mmoja ana yake ya nyumbani yanayomvuta mkono. Kwa mwanafunzi wa kazi za jukwaa mchezo huu ni mtihani, kwani hiyo nguzo lazima iwepo. Ukileta gogo la kweli utaumiza watu, ukileta ya maboksi watazamaji watacheka. Walitengeneza mifupa ya mbao nyembamba, wakaivika kitambaa cha marekani, wakaipaka gundi ya maji ikajikaza kama ngozi ya ngoma, kisha rangi mkono juu ya mkono. (Marekani ni kile kitambaa ambacho wazee wetu Unguja walikiita hivyo kwa sababu ya meli za Wamarekani zilizokileta karne ya 19. Kuta nyingi mnazoziona jukwaani ni hicho hicho na fremu, watu wawili wanaubeba ukuta mzima.) Kazi yote hiyo, na nguzo ikabaki nyepesi, msichana mmoja aliweza kuinyanyua.

Uzito ulitoka wapi basi? Kwenye migongo ya waigizaji. Mdogo wetu alikuwa katika kundi lililochonga nguzo na pia alikuwa mmoja wa wanawake wa kijiji. Alitueleza kwamba walikwenda bandarini kuwatazama wachukuzi: mguu wa nyuma unavyokazwa kabla ya mkono kushika, pumzi inavyofungwa, shingo inavyotuna. Wakayarudia hayo siku nyingi, na kwa makubaliano, maana mmoja akisahau na akanyanyua upande wake kwa wepesi, uzito wote unapotea. Sisi tulikuwa ukumbini. Tuliijua nguzo ile ndani yake mna nini, tuliuona mbao zake zikikatwa kwenye simu, na bado tulijikuta tumekaza meno wanawake wale walipokuwa wanasukuma. Siku ile tulifahamu kwa nini sharti la ami halikuweza kutimia. Aliyechonga ndiye aliyebeba, na asingejua kubeba asingejua achonge nini.

Na nguo! Tusameheni, hapa ndipo nyumbani kwetu.

Nguo za mchezo zina jina lake, maleba, na mtu asifikiri ni kukodi magauni tu. Tulishona seti ya kwanza kama tunavyoshona za wateja, mdogo wetu akazirudisha nyingi zikafumuliwe. Alitaka mshono wa ubavuni uachiwe kitambaa kingi cha akiba, kwani mwakani itavaliwa na mtu mwengine mnene zaidi. Makwapani tutie kipande cha pembe nne, ili mkono ukiinuliwa gauni zima lisipande. Vifungo vya mbele viwe vya urembo, na chini yake vile vya chuma vya kubana, kwani mwigizaji ana nafasi ya kuhesabu mpaka thalathini tu gizani kubadilisha nguo. Tukasema basi tutie ule utepe wa kunata, ni haraka zaidi. Akakataa: ukiubandua unachanika kwa sauti, na ukumbi umenyamaza watu wanalia.

Halafu taa. Tulimletea kitambaa chekundu kizuri sana, na chini ya taa ya kijani kikawa cheusi kama masizi. Satini inayong'ara dukani, jukwaani inang'ara mpaka uso wa mvaaji hauonekani. Nguo mpya inaonekana mpya hata kwa mtu wa mwisho, kwa hiyo nguo ya maskini tunaishona vizuri kisha tunaiharibu: tunaichovya kwenye chai, tunaisugua kwa msasa magotini na kwenye pindo. Fundi wetu mmoja alishindwa kabisa kuishika ile msasa, akatoka nje. Na kanga, wapenzi, kanga inasema. Usimvike mfiwa kanga yenye jina la kumsuta mke mwenza. Mbele watasoma, watacheka, na msiba umeshaharibika.

Kulia na kushoto kulitupa raha. Kulia kwa jukwaa ni kulia kwa mwigizaji anayewatazama watu, si kwetu tuliokaa. Wenzake wengine walihangaika nalo, sisi tulicheka, maana hata kwenye shati bega la kulia ni la mvaaji.

Sasa turudi kwenye suala la mama, na mengine ya dini ambayo tunajua ndiyo mnayoyasubiri.

Mazoezi mengi ni ya jioni, kwa hiyo Magharibi inaingia katikati. Alilisema tokea siku ya kwanza kwa msimamizi wa jukwaa, yule mwanafunzi mwenye daftari lililoandikwa kila kitu, nani anaingia wapi na taa gani inawaka kwenye neno gani. Ikaandikwa daftarini kama linavyoandikwa jambo jengine lolote: saa hii hayupo, fanyeni ukurasa fulani. Nyuma ya jukwaa wote huvaa nguo nyeusi ili wasionekane, na wenzake walimtania kwamba yeye kaja na sare kutoka kwao. Ila buibui na ngazi ya taa haviendi pamoja. Anavaa suruali pana na kanzu nyeusi ya magotini, mtandio anauchomeka ndani.

La kushikana na wanaume lilikuwa gumu zaidi, na hatutakudanganyeni kwamba limepata dawa. Kabla ya kila mchezo huzungumza na mwongozaji, na mara nyingi hupatikana njia: mume na mke hawaguswani, mmoja anamtilia mwenzake chai na watu wote wanafahamu. Wengine wamekiri kwamba ilikuwa nzuri kuliko kukumbatiana. Lakini hilo lina gharama. Kwa kuwa hafungui kichwa, kila mchezo yeye ni mama mtu, bibi, au jirani. Ana miaka ishirini na tatu na ameshaigiza vibibi vinne. Kundi moja la tamthilia za televisheni lilimpa nafasi kubwa, na malipo, kisha likamtaka avue mtandio. Akaiacha. Alitupigia usiku ule, na hakuzungumzia thawabu wala nini, alisema tu, "Ilikuwa nafasi nzuri." Tuliogopa kumjibu haraka.

Tulimuuliza mwalimu wetu wa darsa, kwa kuwa tunajua wanazuoni hawana kauli moja katika haya. Hakutupa jibu la halali au haramu kwa neno moja. Alitupa maswali: kinachosemwa ni nini, anasema na nani, kavaa nini, na sala inapita au haipiti. Tuliyaona ni maswali ambayo hata sisi wenye duka tunafaa tuyajibu.

Na ami? Ami yetu ni mtu wa Makunduchi. Kila Mwaka Kogwa, mzee mzima na heshima zake, anasimama kiwanjani na bua la mgomba anapigana na watu wa upande wa pili, watu ambao jioni atakula nao sahani moja. Kibanda cha makuti kinachomwa moto, mtu anatoka mbio ndani yake, na wanawake wanazunguka wanaimba. Mdogo wetu aliwahi kumuuliza kwa adabu, "Ami, ile si vita kweli, ni nini?" Ami alisema ile ni mila. Akanyamaza. Kisha akasema, "Na wewe usijifanye wakili." Lakini mwaka jana alipanda boti pamoja nasi, akakaa kiti cha pembeni karibu na mlango, na mdogo wetu alipotoka akiwa bibi kizee mwenye mkongojo, tulimsikia ami akinong'ona kwa mama, "Huyu si marehemu bibi yetu huyu?" Baada ya mchezo hakusema kitu kingine chochote, ila alitaka kujua wanaolipa kiingilio wanapungua ngapi kwa msimu wa mvua.

Suala la ajira ni la haki na tunalijibu kama lilivyo. Hakuna ofisi inayosubiri wahitimu wa fani hii mlangoni. Wengine hufundisha, wengine huingia redioni na kwenye televisheni, wengine hutunga michezo ya kuelimisha vijijini kuhusu afya na mambo ya watoto, na wengine hukaa. Mkopo wa masomo unalipwa upate kazi unayoitaka au usipate. Mwenye binti asiyefika Kidato cha Sita kuna Bagamoyo, kile Chuo cha Sanaa kilichoanza mwaka 1981 ambacho sasa ni Taasisi ya Sanaa na Utamaduni, nako wanafundisha kwa ngazi za chini ya shahada. Kwa mizani yetu sisi, msichana anayejua kutengeneza taa, mbao na nguo ana nafasi kuliko anayejua kuigiza peke yake, kwani hata harusi zetu za siku hizi zinataka mtu wa kupanga ukumbi. Mdogo wetu hapendi tukisema hivyo. Anasema hakwenda chuo kikuu kupamba viti vya bibi harusi. Haya, ni wake.

Sasa la mwezi huu. Imekuja posa. Kijana mwema, wazee wake tunawajua, hatuna neno. Lakini mshenga alikuja na suali moja lililofungwa vizuri kwenye maneno mengi: akishaolewa, ataacha? Yuko mwaka wa mwisho, na mchezo wa kumalizia masomo una maleba yake na una nafasi yake ndani, na safari hii si bibi wa mtu. Ni mwanamke kijana, kajifunika, ndiye anayeubeba mchezo mzima. Wenzake wameuandika wenyewe na wakampa yeye. Tulimpigia simu kumuuliza tumjibu nini mshenga. Alisema waambiwe waje wauone kwanza, ndipo waulize. Mama anaona ni ufidhuli. Sisi tunaona hajaomba kikubwa. Hata gauni hulijaribu kwanza kabla ya kusema linabana.

Ami ndiye walii wake, na jibu ni lake kulipeleka. Amemwambia mshenga kwamba binti ana mtihani, na mtihani wenyewe uko wazi, mwenye kutaka aje. Mshenga kaondoka na maneno hayo. Mpaka tunaandika hapa hatujajua kama watu wa upande ule watapanda boti.

Sisi tumebakiwa na maleba sita ya kumaliza na mabega mawili ya kufumua. Duka litafungwa Alkhamisi mpaka Jumapili. Wenye nguo zao zilizo tayari wazifuate kabla ya Jumatano jioni, na wa madera ya shughuli ya wiki ijayo wasiwe na wasiwasi, yameshakatwa.